Mbuzi wa Kuazima

Kiriaini,
Jumatatu jioni

Mama mpendwa,

Goti lako linaendeleaje? Mvua imefika huko Voi? Sisi huku tunapumua. Huyu mdogo, wajina wako, bado ananyonya, ingawa maziwa yangu yamepungua.

Tangu mlima uporomoke ukachukua nyumba na ng'ombe wetu, tumekuwa tukipewa unga na maharagwe kwa chifu. Mwezi uliopita chifu akatangaza kwamba karani atapita kila boma kupima jinsi watu walivyoinuka. Mama mkwe akasema mgeni hawezi kukuta boma tupu, ni aibu. Basi tukaazima viti viwili, vikombe, na mbuzi wa jirani yetu Mama Njeri, tukamfunga mbele ya kibanda. Nilikuwa nimechoka, sikubisha. Hata chai ya maziwa nilipika.

Karani alikuwa kijana mpole. Aliuliza kama tuko na viti, kama tuko na mnyama, kama tunakunywa chai na maziwa, na kikombe kiko mkononi mwake. Mama mkwe akajibu ndiyo kwa yote. Akaandika, akaondoka akitusifu ati tumejikaza kuliko wote mteremko huu.

Jumamosi majina ya watakaoendelea kupewa unga yakasomwa, letu halikuwako. Mama Njeri alipata, maana siku ile kwake hakukuonekana mbuzi. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanipimia kikombe cha unga wake.

Nilimfuata karani ofisini, mtoto mgongoni, nikamweleza ukweli wote. Akageuza fomu mbele na nyuma.

"Mama, mbuzi wa kuazima nitamwandika wapi? Hapa kuna ndiyo na hapana tu."

Akasema karatasi zetu zilishapelekwa Nyeri. Huko sisi tumepona.

Baba Wanjiru anapalilia chai ya watu, siku nyingine anarudi na viazi, siku nyingine mikono mitupu. Usiniambie nirudi nyumbani, mama. Mama mkwe haongei tangu Jumamosi, na sitamwacha. Lakini Wanjiru, kwa kuwa yeye ameshaacha kunyonya, nimeamua aje kwako mpaka tuvune. Shangazi yake atamleta Alhamisi.

Nisalimie baba, kaka yangu fundi cherehani, na mamdogo anayeuza ndizi pale stesheni.

Neno moja tu. Ukimwuliza Wanjiru kama ameshiba, atasema ndiyo. Ndivyo tulivyomfundisha huku. Usimwulize, mama. Mpakulie tu.

Mwanao anayekuwaza,
Mkamburi