Siku Nilipokulilia kwa Kizimba

Mama yangu wa Kasongo,

Ulipofariki nilikuwa nimeishi kwenu miaka mingi kuliko ile ya Burundi nilikozaliwa, na bado nilijiita mgeni. Acha nikusimulie yaliyonipata siku ya mazishi yako.

Unakumbuka nilivyofika? Mjomba alinitoa Bujumbura akanileta Salamabila kutafuta dhahabu, kisha akaenda zake akaniacha huko. Nikapanda pikipiki na wachuuzi mpaka Kasongo, msichana mwenye Kiswahili cha kuchekesha. Wewe ulikuwa unauza mawese sokoni. Ulinisogezea nafasi kando ya bidoni zako za mafuta niuze chumvi, na jioni tukaenda wote nyumbani. Jirani akakuuliza kwa nini unafuga Murundi. Hukupandisha sauti.

"Huyu iko mutoto wangu. Mwenye iko na neno, aniambie miye."

Shambani Lusangi ulinifundisha Kizimba, lugha ya kwenu: jembe, mvua, mpunga. Nilipokosea wanao walicheka, wewe ukarudia polepole. Sikuwahi kuthubutu kukisema mbele ya watu.

Sasa siku ile wanawake walikaa chini kuuzunguka mwili wako. Nilijibanza karibu na mlango, nikiwaachia ndugu zako wa damu waanze. Nikafungua mdomo nipumue tu. Mama, kilio kilitoka kwa Kizimba! Nilikuita, nikakuuliza nani ataniamsha twende shambani, kwa maneno ambayo sikujua kama ninayo. Kirundi hakikuja hata kidogo. Nyumba nzima ikanigeukia, nami nikadhani nimevunja desturi.

Ndipo dada yako mkubwa akanijibu kwa sauti ileile ya kilio, na wote wakaitikia. Akanishika mkono hadi pale kichwani pako.

"Kaa hapa," akaniambia. "Nilikuwa nangojea sauti ya mutoto wake."

Tangu hapo ninajishangaa. Maneno yale uliyaweka lini ndani yangu, nikiwa ninafanya nini? Ninapalilia, ninasonga ugali, na kumbe yanaingia. Ndoto zangu nyingine bado ni za Kirundi, na sizionei haya. Jana sokoni mtu aliniuliza natoka wapi. Nikamtajia Bujumbura, nikamtajia na nyumba yako. Hakuona ajabu yoyote. Akaniomba nimpimie mchele.

Pumzika, Mama. Mvua imeanza vizuri huku kwetu.

Binti yako