Mgongo wa Kwenye Faili

Dzaleka, 6 Novemba 2000

Yaya Kabibi, dada yangu mpendwa,

Kabla ya salamu, nakusihi: ukimaliza kusoma, choma karatasi hii kwenye mbaula ya makaa. Usimsomee mtu, hata Antoinette mwenye nyumba yako. Neno moja likivuja, nimekwisha.

Hujambo? Unaendeleaje huko mjini Kawale? Wanao hapa kwangu kambini ni wazima. Kelly ameng'oka jino. Olivier anauliza kila siku mama atarudi lini.

Sinzinkayo, anayetuletea barua, ameniambia sasa unaendesha cherehani kwa mguu mmoja, na kwamba maji ya moto yalikumwagikia unyayoni ukacheka, kwa kuwa hukusikia kitu. Nilimuuliza Nahayo, muuguzi wetu, bila kutaja jina. Akanieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo mna kamba laini inayopeleka habari za baridi na maumivu hadi kichwani, kila sehemu ya mwili na njia yake. Kumbe! Akasema ukitaka kujua kamba imebanwa wapi, tafuta baridi inapokoma. Basi chukua kitambaa chenye maji baridi, anzia vidoleni, panda polepole. Pale unapoanza kusikia baridi, piga mstari kwa chaki yako. Rudia baada ya siku tano.

Unajua kinachonitisha. Kwenye faili lenu la kuhamia Canada mimi, karani wa ofisi ya wakimbizi, niliandika kwa mkono wangu kwamba askari walikupiga kitako cha bunduki mgongoni kule kwetu Fizi. Kilimpiga marehemu mumeo, si wewe. Na barua ya kukupeleka hospitali niliinakili kutoka faili hilohilo.

Mdogo wako,
Rodrigue

Kawale, 14 Novemba 2000

Mudogo wangu muoga,

Jambo sana. Mi niko, Mungu iko. Barua nimechoma. Antoinette ameuliza, "We, unapika nini bila sufuria?"

Njo umenigeuza kitambaa, unanipima! Haya. Siku ya kwanza chaki ilisimama juu ya magoti, miguu yote mbili. Siku ya tano ilisimama kiunoni, kwenye mukaba wa jupe. Nilicheka, kisha nikaacha. Mi nashona nguo za bantu miaka kumi na mbili, sijaona kipimo kinapanda hivi na muntu hanenepe.

Docteur alisoma barua yako, akasema, "Ni ile bunduki." Akanipa vidonge, nipumzike. Hata kunigeuza aangalie mgongo, hapana. Nikabeba vidonge, nikatoka.

Usiguse faili, unasikia? Huu mgongo njo pasipoti ya batoto.

Yaya yako,
Kabibi

Dzaleka, 20 Novemba 2000

Yaya,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara nne. Watoto wamekula, wako shule.

Nilimpelekea Nahayo vipimo vyako. Alichora mgongo nyuma ya karatasi ya chanjo, akanionyesha. Pigo, alisema, hukaa pale lilipopiga. Linalopanda linakua. Nikamuuliza kinachokua ni nini. Akasema huenda ni uvimbe, na uvimbe mwingine ni kansa, na kansa inaweza kuanzia humo humo kwenye kamba au kutoka mahali pengine. Ukiwahiwa, daktari anaweza kufungua mfupa, kamba ipumue. Ukicheleweshwa, miguu hairudi.

Kuna swali ambalo mdogo hamuulizi yaya yake. Nisamehe. Haja ndogo inatoka vizuri?

Niruhusu nimwambie daktari kwamba hakukuwa na bunduki.

Rodrigue

Kawale, 27 Novemba 2000

Mudogo,

Antoinette njo anaandika, mi nalala tu. Ilibidi ajue. Usitetemeke, ameachana na mabwana wawili na hajasema siri zao.

Chaki iko hapa kifuani, chini ya maziwa. Ile swali yako, huna haya! Tangu juzi hapana, haitoke. Kesho bananipeleka hospitali.

Lakini nasema tena: usifute. Miguu yangu ilitoka Fizi na batoto mgongoni, kazi yake imeisha. Ukisema ukweli batakufukuza kazi, na hii batoto batabaki Dzaleka mpaka bazeeke. Nisikie kama mama, maana mama hatuna.

Yaya yako

Lilongwe, 9 Desemba 2000

Yaya Kabibi,

Nakuandikia nikiwa nje ya wodi yako, kwa sababu ndani uligeukia ukuta.

Sikukusikia kama mama. Nilimwambia daktari. Akaagiza picha. Ile dawa waliyokudunga kiunoni huonekana kwenye picha. Iliposukumwa juu ilifika kati ya mabega ikakoma, kana kwamba imekuta mlango umefungwa. Aliniruhusu kuitazama. Ni uvimbe. Kama ni kansa hajui mpaka aufungue, na atakufungua Alhamisi. Kuhusu miguu hakuahidi. Alisema tu kwamba wiki moja zaidi asingekugusa.

Mkuu wangu nilimweleza mwenyewe, kabla barua ya daktari haijamfikia. Nilimwandikia upya maelezo ya faili: kitako kilimpiga mumeo, akafa, nawe ulishuhudia. Nilidhani ukweli huo ungetosha. Alisema faili litasubiri, hakusema hadi lini. Mimi hakunisubirisha.

Kwa hiyo usitume barua ofisini. Meza ile ina mtu mwingine. Antoinette ampe Sinzinkayo, Jumanne au Ijumaa, sokoni Kawale kabla ya saa sita. Amwambie asipitie geti la kambi, azunguke nyuma ya kanisa, nyumba ya tatu yenye mlango wa bati la buluu. Nisipokuwepo ampe Olivier mkononi. Mkono wako ukichoka, Antoinette aandike. Na kama bado umenikasirikia, tuma karatasi tupu. Ikunje wewe mwenyewe.

Mdogo wako,
Rodrigue