Aliuweka Mwiko Chini Siku ya Posa

Bi Kaoutar mpendwa, amahoro. Nakuandikia kutoka Maskati, nimejifungia stoo ya jikoni, naomba msaada wako lakini kwanza uniahidi kwamba hutanicheka, maana nimeshachekwa na Rumonge nzima na sina pa kuuweka uso wangu.

Mimi mwaka wa tatu huu niko Oman, nafanya kazi za ndani kwa bibi mmoja ninayemwita Madamu, na nyumbani nimemwacha mama yangu, miguu inamsumbua na macho hayaoni vizuri, kwa hiyo nikamwajiri mfanyakazi anaitwa Speciosa, wa Kizuka, wazazi wake walikuwa wakimbizi Tanzania wakarudi, binti ana adabu kabisa, shikamoo haimkauki mdomoni, anampikia mama, anamwogesha, anampeleka dispensari, na pia siku mbili kwa wiki anakwenda kwa kaka yangu Hamidu kumfulia, maana mke wa Hamidu ana biashara ya ndagala, vile vidagaa vya ziwani, na hana nafasi. Mshahara wake namtumia Hamidu, Hamidu ndiye anampa. Wakati mwingine Hamidu anachelewa kidogo.

Sasa kosa langu, Bi Kaoutar, ni audio. Mimi kila jioni namtumia mama audio ndefu kwenye simu, namweleza mateso yangu, namweleza jinsi huyu jini wa Maskati alivyokuwa ananinyima siku ya mapumziko, ananituma kufagia nyumba ya dada yake bure, na badala ya kuniongezea mshahara ananipa magauni yake ya zamani, nikawa nalia humo kwenye audio na kusema hivi hawa watu wanadhani sisi ni punda, na nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mama haoni vitufe, simu anaishika Speciosa, Speciosa ndiye anafungua audio, na anaifungua kwa sauti ya juu uani, majirani wanasogeza vigoda.

Siku moja nikachoka. Madamu alikuwa na wageni wakubwa, mimi nikaiweka sinia ya kahawa chini, nikakaa, nikamwambia leo simimini mpaka tuzungumze, na kwa vile wageni wanatazama akakubali yote, Ijumaa napumzika, kwa dada yake siendi tena, na mshahara ukapanda. Nilifurahi, wallahi, nikamtumia mama audio ya dakika nane, nikaeleza na mbinu yenyewe, kwamba uchague siku ya wageni, usipandishe sauti, uweke chombo chini, ukae.

Mwezi uliopita mdogo wangu Jamila akaja kuposwa. Wakwe wametoka Gitaza, barza imejaa, pilau imeiva, harufu imewafikia watu huko ndani, na mimi niko kwenye simu ya video nafuatilia, mara namwona Speciosa anauweka mwiko chini. Akakaa kwenye kigoda mbele ya sufuria. Akachukua simu, akasema, shikamoo dada, leo sipakui mpaka tuzungumze.

Yarabi! Nilidhani nimesikia vibaya. Akasema taratibu kabisa kwamba anataka Dominika yake aende kanisani na kupumzika, kwa Hamidu haendi tena kufua, na mshahara uongezwe na aupokee yeye mwenyewe. Hamidu akaanza kufoka, ndipo shangazi wa bwana harusi, Bibi Esha, akapaza sauti kutoka barzani, "Mujibu basi mutoto wa watu, sisi iko na njaa." Nikasema ndiyo. Nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, mara tatu, kama naapishwa, ndipo akasimama akapakua, na wakwe wakala wakiwa wanacheka.

Tangu siku hiyo wiki tatu zimepita na sijafanya hata moja. Nakuambia ukweli, niko najenga, kila riyali ina kazi yake, na mimi si mbaya, nimeshamtumia Speciosa magauni yangu na mkoba. Sasa ananiambia mwisho wa mwezi akiona kimya anaondoka. Mama nikimwuliza ananijibu, "Hayo ni yenu." Naomba unieleze, ahadi ambayo mtu amebanwa mbele ya wakwe inahesabiwa ahadi kweli? Na je, si bora Hamidu amtoe mapema, atafute mwingine huko Kabezi wa bei nafuu? Jina langu usilitaje, tafadhali. Asante, murakoze.

Aliyeaibishwa, Maskati

*

Mwanangu Uliyeaibishwa,

Pole. Haya, pole nimeshakupa, sasa kaa nikwambie.

Kwanza, kucheka nimecheka. Sikuahidi. Nimeisoma barua yako nikiwa napeta mchele, nusu ya mchele ikaenda kwa kuku. Na jina lako sikulitaja, wala halina haja, kwa sababu posa iliyosimama kwa ajili ya mwiko hapa Rumonge ni moja tu, na Bibi Esha ameshaisimulia kutoka Gitaza mpaka sokoni kwetu.

Unaniuliza kama ahadi ya kubanwa inahesabiwa. Nami nakuuliza wewe: Ijumaa iliyopita ulifanya nini? Ulipumzika. Kwa dada yake Madamu ulikwenda? Hukwenda. Mshahara ulipanda? Ulipanda, na ndio huo unaojengea. Basi huyo unayemwita jini alibanwa mbele ya wageni wake kama ulivyobanwa wewe mbele ya wakwe zako, akasema ndiyo, na kesho yake akafanya. Wewe binti wa Rumonge, uliyelelewa vizuri, wiki tatu unatafuta mlango wa kutokea. Jini ni nani hapo? Usinijibu, jijibu mwenyewe humo stoo.

Na hayo magauni! Ya Madamu yalikutoa machozi. Ya kwako umeyaandika kwenye barua kama sadaka kubwa. Mwanangu, gauni halinunui sukari, na duka halipokei mkoba.

Sikukatazi kujenga. Najua jasho lako, najua ilivyo kulala kwenye nyumba ya mtu ukisikiliza kama kengele italia, na siku mama anaumwa huwezi hata kumshika mkono. Lakini mkono unaomshika mama yako ni wa nani? Ni wa huyo huyo uliyempa jiko, dispensari, bafu, halafu ukamwongezea na nguo za ndani za Hamidu. Ndiyo, nimesema za ndani, maana Speciosa hakuchagua kikapu, na wewe ulikuwa mbali hukunusa.

Hamidu wako nilimwona wiki hii akishusha madumu mawili ya mawese kwenye gari, moja kila mkono. Mtu wa madumu mawili hawezi kushindwa na shati. Mpigie umwambie kufuliwa kumekwisha leo, na asikupigie makelele, yeye hayuko kwenye mkataba wowote. Mshahara nao asiuguse tena. Hiyo "anachelewa kidogo" yako umeiandika haraka haraka ukidhani sitaiona. Speciosa ana simu yake, mtumie mwenyewe, tarehe ile ile kila mwezi, kama unavyotaka Madamu akulipe wewe. Na umwulize yeye, si Hamidu, ni kiasi gani mtu anaishi nacho Rumonge ya sasa, mchele ukiwa bei gani na kitenge bei gani. Ukishasikia, usianze kubishana naye kama unanunua nyanya. Umlipe nyongeza tangu siku ya pilau, kwa sababu ndiyo siku uliyosema ndiyo, tena mara tatu.

Dominika ni yake yote, asubuhi mpaka jioni. Utasema, na mama je? Jamila bado yuko nyumbani, hajaolewa, ana miguu miwili mizima. Akiolewa, Hamidu na mkewe wapokezane, ni mama yao pia, au uweke mtu wa kutwa umlipe. Speciosa akiugua, umlipe vile vile na umpe ya dawa. Haya yote yaandikwe kwenye karatasi, mbili, moja yake na moja ya kwako, ashuhudie shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa, ili kesho usije kuniandikia tena kwamba ulibanwa.

Sasa hiyo habari ya kumleta mwingine wa Kabezi, wa bei nafuu. Ee! Huyo wa Kabezi atakuja bila masikio? Simu ya mama ataishika nani? Utamletea mama yako binti mgeni, asiyejua goti lipi linauma, halafu na yeye atafungua audio zako uani, na baada ya miezi mitatu atakuwa ameijua mbinu. Ukitaka wafanyakazi wako wasijue haki zao, mwanangu, nyamaza. Lakini mimi nakuomba usinyamaze, maana hizo audio zimewasaidia watu. Hapa mtaani kwetu mabinti watatu wamepata siku ya mapumziko mwezi huu, na waajiri wao wanakulaani wewe, si Speciosa.

Kuaibika hukuaibika. Wakwe walikula, Jamila ameposwa, na Bibi Esha anasema nyumba ambayo mfanyakazi anaweza kusema bila kupigwa ni nyumba nzuri ya kuolea. Aibu itakuja mwisho wa mwezi, kama ukikaa kimya.

Na hapa nisikilize vizuri. Jumanne nilipita kwenu kumjulia hali mama yako. Nikakuta begi lake barzani limefungwa kwa kamba, na mkeka umekunjwa pembeni. Nikamwuliza, dada, safari ya wapi na miguu hiyo? Akaniambia anakwenda Kizuka, nyumbani kwa kina Speciosa, wameshampa chumba, na anakokwenda binti huyu ndiko na yeye atakakokuwa. Nikasema, mwanao anajua? Akasema, "Mimi nimemwambia hayo ni yenu. Yangu nimeshayafunga."

Mpigie Speciosa leo. Leo, si kesho.

Bi Kaoutar