Choo cha Mkwe

Jumamosi. Tena imeamka na manyunyu, nguo nilizofua jana bado ziko kwenye kamba, hazijakauka. Na mimi nimeamka na moyo mzito.

Mama anarudi Kakamega kesho.

Tangu tumzike baba nilimsihi aje akae nasi. Nyumba kule imebaki tupu, na mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Siku aliyokubali niliimba jikoni kama mwehu. Lakini hata wiki haikuisha, akafunga choo. Akawa anashinda ameketi kitandani, mkono tumboni, chakula anakigusagusa tu.

Wueh, nilihangaika! Asubuhi namwamkia na maji ya uvuguvugu. Wali nikaupa likizo, nikaleta papai lililoiva, mboga ya mrenda, maharagwe, uji wa wimbi. Jioni tunatembea polepole hadi stejini kwa matatu na kurudi. Mwuguzi kwenye zahanati alimpima akasema hakuna kibaya, akampa dawa laini ya kukoroga kwenye maji, kisha akamsisitizia: haja ikikushika, mama, usiibane.

Mama aliitikia kwa kichwa. Akaendelea kuibana.

Nimejua wiki hii tu. Mume wangu, Wafula, alienda Nakuru kikazi. Hajafika hata mbali, mama akaingia chooni. Alikaa, akatoka uso umefunguka. Nilipomuuliza, aliangalia sakafu.

"Mwanangu, nitakaaje pale anapokaa mkwe wangu?"

Aki nilitamani ardhi inimeze. Mimi Mluhya mzima, niliyelelewa nikiona nyanya yangu mzaa mama akijificha baba, mkwe wake, anapopita uani, nikasahau! Nairobi imenizoesha nyumba ya choo kimoja, nikadhani imemzoesha na yeye. Nilikuwa namlisha mapapai, kumbe papai haliondoi aibu.

Wafula aliporudi nikamweleza. Aliumia kuliko mimi. Akasema basi, kuanzia leo atatumia choo cha nje, kile cha mlinzi, mama abaki na hiki. Ananipenda mume wangu, na anampenda mama.

Hapo ndipo tulipoharibu.

Mama alisikia, akalia. Yaani mkwe wake afukuzwe kwenye choo chake, kwa sababu yake? Alianza kukunja leso zake hapohapo. Nimebembeleza, Wafula ameomba akiwa amesimama nje ya mlango, wapi! Ametuambia hana kinyongo na mtu, na ninamwamini. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi, sina hata wa kugombana naye.

Nimemfungia papai moja, unga wa wimbi na ile dawa. Nimelia juu ya mfuko huo mpaka nikachoka.

Kwake choo ni cha peke yake. Nitapiga simu kila asubuhi nimuulize kama amekunywa maji, kama amekula, kama tumbo limefunguka. Atasema ndiyo, mwanangu, niko sawa.

Hata hapa alikuwa akisema hivyo.