Tarumbeta la Mwalimu Yohana

Ijumaa usiku, Makambako, msibani

Pistoni ya pili ya tarumbeta imekubali mwishowe. Tangu asubuhi ilikuwa imeganda, nami nimeogopa siku nzima.

Kesho tunamzika Mwalimu Yohana, aliyenifundisha kupiga. Mjane wake, Mama Tumaini, anataka tarumbeta lake lenyewe lisikike kaburini, si la usharika.

Nililisafishia uani. Koleo sikugusa, Mwalimu alitukataza. Nilitumia maji ya vuguvugu, sabuni, mafuta ya cherehani, na subira. Nilipovuta kitambaa ndani ya bomba, kilitoka na uchafu wa kijani. Nikaona aibu, nikataka kuyamwaga maji haraka.

"Acha," Mama alisema. "Nitayamwaga mwenyewe."

Akabeba beseni hadi nyuma ya nyumba, akakaa huko muda mrefu.

Aliporudi nilipiga sauti moja. Ilitoka safi. Akaanza kunishukuru, na hapo nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia kwamba wakati wa Pasaka Mwalimu alinipigia simu nije nimsafishie tarumbeta, maana vidole vyake vilikuwa vimeishiwa nguvu. Nikamjibu nitakuja. Kutoka Njombe hadi hapa ni mwendo wa saa moja tu kwa gari. Sikuja.

"Najua, mwanangu," alisema. "Kila jioni alikuwa ananiambia nisilifungie kabatini, utakuja."

Hakusema kwa hasira. Bora angekasirika.

Mazishi ni saa nane mchana. Ee Mungu, midomo isinitetemeke.