Kanda Iliyofukizwa Udi

Mpendwa Mama Zuhura,

Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye benchi, nje ya karakana ya Fundi Halima, hapa Ufukoni. Ni asubuhi, saa nne haijatimia. Kanda yako iko ndani, na mimi nimetolewa nje.

"Mwalimu, ukinisimamia kichwani hivyo mkono wangu utatetemeka," fundi ameniambia. "Nenda ukakae pale. Zuhura atabaki na mimi."

Nimetii. Najua hutaamini kwamba nimetii.

Naogopa, mke wangu. Nalisema waziwazi, na anayeisoma barua hii na asome.

Unaikumbuka siku tuliyokwenda mjini kununua kamera? Ulikuwa mwaka niliostaafu. Ulitaka kurekodi simulizi za mama yako kabla hajaondoka: jinsi wazazi wake walivyovuka Ruvuma wakiwa na vyungu viwili na mbuzi mmoja. Muuza duka aliweka kamera mbili mbele yetu. Moja ilirekodi kwenye kanda ndogo, ya pili kwenye kadi isiyozidi ukucha wa kidole gumba.

"Zote ni HD, mzee, picha zake zinang'aa sawasawa," alisema. "Lakini hii ya kadi ndiyo ya kisasa. Unarekodi, unahamishia kwenye kompyuta, unafuta, unarekodi tena."

"Na kompyuta ikiharibika?"

"Basi."

"Basi nini? Maliza sentensi."

Wewe ulicheka hadi ukashika meza. "Mwalimu, hata wewe utakufa. Kwa hiyo tusirekodi?"

Uliipenda ile ya kadi. Ilikuwa nyepesi, ikakukaa vizuri mkononi. Lakini mimi neno "unafuta" lilikuwa limekwisha kunichoma. Nilifuta ubao maisha yangu yote ya kazi, nikajua kwamba kilichofutwa hakirudi. Nikasema tutachukua ya kanda, kwa sababu kanda inashikika, inaandikwa jina, inawekwa sandukuni. Hukubisha. Ulisema tu, "Haya, tubebe tofali letu." Na jina hilo likabaki, Tofali.

Mama yako tulimrekodi vizuri. Tatizo lilianza zamu yako ilipofika. Ulizaliwa katika Kimakonde, Kiswahili ulijifunza ukubwani, nami kila uliposema sentensi mbili nilisimamisha kamera nikurekebishe, kisha nikairudisha kanda nyuma ili uanze upya juu yake. Mara ya nne ulisimama, ukakung'uta kanga yako.

"Mimi si mwanafunzi wako, Baba Zuhura. Nenda ukarekodi mbuzi. Wao hawakosei."

Nilidhani ni mzaha, na kesho yake nikarekodi mbuzi kweli. Tangu hapo hukusema tena mbele ya kamera nikiwepo. Nina kanda kumi na moja zenye simulizi za mama yako, wageni wa Idi, mbuzi, mikorosho yenye maua, na wewe unapita pembeni umegeuza uso, kimya. Kama si dada yako, sauti yako isingekuwepo popote.

Sikujua habari ya kanda ya kumi na mbili mpaka ulipofariki. Niliikuta chini ya kanga zako. Juu yake ulikuwa umeandika kwa kalamu: "Siku Mwalimu hayupo." Dada yako alinieleza kwamba ni zile siku mbili nilizokwenda msibani Madimba. Mlikaa uani mnachekecha unga wa muhogo, Tofali likiwa juu ya kinu, mkasema mliyotaka kwa lugha mliyoitaka. Niliona haya kuitazama. Nikairudisha sandukuni, nikasema nitaitazama nitakapokuwa tayari. Ni miaka tisa sasa.

Hapo ndipo lilipo kosa langu kubwa. Ulikuwa na desturi yako ya Ijumaa: unatandaza kanga juu ya kawa la ukindu, chetezo cha makaa chini, zinafukizwa udi mpaka zinajaa moshi, kisha unazikunja zingali moto na kuvizungushia vitu vyote unavyovithamini. Kanda nazo ulizifunga hivyo. "Kitu cha thamani hakilali bila harufu," ulikuwa ukisema. Ulipoondoka niliiendeleza desturi hiyo. Kanda nyingine nilizihamishia kabatini, lakini ile yako niliiacha kwenye kanga. Kila Ijumaa, baada ya swala, niliwasha udi, nikafukiza, nikakunja. Niliamini ninakutunza.

Mwezi uliopita mjukuu wako, yule Somoe uliyemwachia jina, aliniuliza, "Babu, bibi alikuwa anaongeaje?" Nikafungua kinywa ili nimwigizie. Hakikutoka kitu. Maneno yako ninayo, naweza kuyaandika yote kwa mpangilio wake. Sauti sinayo. Niliitafuta mle kichwani nikakuta mahali pake ni patupu, Mama Zuhura, na mtoto ananitazama anasubiri.

Zuhura ndiye aliyenileta kwa fundi. Kamera yetu bado inafanya kazi. Fundi ameisafisha, na kanda za mbuzi zimecheza bila tatizo. Alipoifungua ya kwako aliinusa kwanza.

"Heh! Hii kanda inanukia kama bi harusi."

Kisha hakucheka tena. Aliniita karibu na taa, akanionyesha. Mafuta ya udi yameingia ndani, yamegandisha utepe, tabaka juu ya tabaka. Nilimweleza habari ya Ijumaa zangu. Aliniangalia kwa huruma ambayo sikuitaka.

"Mwalimu, nitakuambia ukweli. Nikiicheza, ama itapita, ama itanasa. Ikinasa itachanika. Hakuna mara ya pili."

"Basi tusiicheze."

"Baba," Zuhura alisema, "isipochezwa ina tofauti gani na kutokuwepo?"

Niliichukua kanda mezani. Nilirudi nayo nyumbani Mikindani, nikakaa nayo majuma mawili. Leo nimeileta tena, kwa sababu kila siku ninayongoja udi unazidi kukauka, na mimi nazidi kusahau.

Kabla hajaanza, fundi aliniuliza aihifadhi kwenye kompyuta kwa muundo gani. Faili dogo litaingia katika simu ya kila mtu, hata ya dada yako aliyehamia ng'ambo ya Ruvuma, ila sauti itapungua uhalisi. Faili kubwa litabaki na kila kitu, lakini simu nyingi hazitalibeba. Mimi niliyetoa hukumu dukani bila kukuuliza, leo nimeshindwa kuchagua. Nilimtazama mwanao.

"Zote mbili, baba," alisema. "Siku hizi inawezekana."

Hofu ya kuchanika nimeizoea kidogo. Iliyobaki ni nyingine, na sijamwambia hata Zuhura. Itakuwaje kanda ikipita salama, mwanamke akasema, nami nikajiuliza huyu ni nani?

Kamera imeanza kulia ndani. Ni mlio mwembamba. Sasa umekatika. Fundi anasema, "Subiri, subiri," na sijui anamwambia nani. Kimya. Nimesoma ayatul kursi hadi mwisho na bado kimya.

Umelia tena.

Kuna mwanamke anaongea nyuma ya pazia la mlango. Anaongea Kimakonde haraka haraka, anacheka katikati ya neno, ungo unagongwa. Sauti ni nzito kuliko nilivyodhani. Sikuitambua. Naiandika kama ilivyo, wala siifuti: sikuitambua. Nimefikiri ni dada yako. Nimefikiri labda fundi amekosea kanda.

Kisha yule mwanamke amepaza sauti: "Zuhura! We Zuhura!"

Na mwanao, mwanamke mzima mwenye watoto wawili, aliyesimama karibu na meza ya fundi, ameitika papo hapo bila kufikiri:

"Abee, mama!"

Ni wewe. Unaendelea kuongea. Naweka kalamu chini, naingia.

Pumzika kwa amani, na uniwie radhi.

Mumeo,
Baba Zuhura