Kengele ya Mwanzo wa Wimbo

Alhamisi, 16 Aprili

Hoza, mwenzangu wa bendi, hakupaswa kucheka redioni. Mtangazaji alimuuliza historia ya wimbo wetu wa kwanza, ule wa roki tuliourekodi tulipomaliza kidato cha nne. Akajibu, "Kengele ya mwanzoni ni ya msiba, ya kanisani kwetu Kwai. Tuliirekodi kwa simu siku ya mazishi. Marehemu hakulalamika!"

Kisha wakaupiga. Mama aliacha kumenya viazi, akajifunga kanga. "Nani katutoka?"

"Ni wimbo wetu, mama, redioni."

"Kengele hiyo hulia kwa ajili ya mtu. Mkiiliza bure, mnamwita nani?"

Nilimjibu kwa hasira kwamba hizo ni imani za zamani. Lakini majirani wawili nao walikuja kuuliza nani amefariki, nikaona aibu.

Baada ya mahojiano Hoza alitoka mjini Lushoto mchana kurudi huku, kwa pikipiki. Mvua haijakatika, barabara imemeguka tena, na simu yake haipatikani. Nimeamua: akifika tu, tunaiondoa ile kengele.

Sasa hivi inalia, polepole. Redio nilishaizima. Mama amesimama mlangoni na kanga yake, hata haulizi.